Nyumba Iko Likoni, Mbona Tangazo Linasema Diani? Jinsi ya Kuchagua Maneno ya Picha na Tangazo Lako la Wageni

Kama una nyumba au chumba unachokodisha kwa wageni wa siku chache Likoni, Kisauni au Changamwe, huenda umeshaambiwa kwamba kinacholeta wageni ni maneno. Ni kweli. Ukiwa na maneno mazuri kwenye tangazo na kwenye picha zako, mgeni wa Nairobi, Kampala au London anakupata bila kukujua. Lakini kuna upande wa pili ambao sisi tunaoshughulika na malipo tunauona sana: neno baya pia linaleta mgeni. Anakuja, anaangalia, anasema hii siyo niliyolipia, halafu anataka pesa zake.

Hebu tupige hesabu. Tuseme nyumba yako ni KSh 3,500 kwa usiku. Mgeni amechukua siku 4 za likizo ya Agosti, jumla KSh 14,000, na ametuma nusu, KSh 7,000, kushikilia nafasi. Tangazo lako linasema iko ufuoni. Anafika na mabegi na watoto, anauliza bahari iko wapi, anaambiwa apande tuktuk. Hapo hatoi ile nusu ya pili, na ile ya kwanza anaidai. Wewe nawe umeshawakataa wengine waliouliza tarehe hizo hizo. Neno moja limekula KSh 14,000, na bado hujasoma maoni atakayoandika kesho.

Kwa hivyo makala haya yana jambo moja kubwa: neno unaloliweka kwenye tangazo ni ahadi, na mgeni anailipia ile ahadi. Neno la kweli na la mahali maalum huleta wageni wachache kidogo, lakini wanaolipa na wasiorudisha.

Mgeni anatafuta vipi?

Watu wengi hufikiri kila tovuti inafanya kazi kama Google, yaani unaandika chochote na majibu yanatoka. Kwenye tovuti za kukodisha nyumba kama Airbnb na Booking.com mambo ni tofauti. Mgeni anaanza kwa kuandika mahali, halafu tarehe, halafu idadi ya watu. Baada ya hapo anachuja: Wi-Fi, AC, pakingi, jiko, mashine ya kufulia. Hizi hazitokani na sentensi zako nzuri, zinatokana na vile visanduku ulivyoweka alama wakati wa kusajili nyumba. Ukisahau kuweka alama kwenye kisanduku cha AC, basi kwa mgeni aliyechuja kwa AC wewe hupo, hata kama umeandika "AC kali sana" mara tatu kwenye maelezo.

Kwa hivyo kazi ya kwanza si kuandika. Ni kurudi kwenye akaunti yako na kupitia visanduku vyote, kimoja kimoja, na kuhakikisha ile alama kwenye ramani imekaa juu ya nyumba yako na si katikati ya kisiwa.

Kwenye Google ndipo maneno yenyewe yanapofanya kazi zaidi, kama una tovuti yako ndogo au ukurasa wa biashara. Hapo watu huandika kwa lugha zote walizo nazo. Mmoja ataandika "nyumba ya wageni Bamburi", mwingine "2 bedroom near SGR Mombasa", mwingine "bnb Likoni bei rahisi". Usidharau hata moja. Ili kujua watu wanaandika nini, anza kuandika jina la mtaa wako kwenye kisanduku cha Google halafu ngoja uone mapendekezo yanayojitokeza yenyewe. Pia kuna Google Trends, ni ya bure, unachagua Kenya na unaweza kulinganisha maneno hadi 5 kwa pamoja kuona lipi linatafutwa zaidi.

Jina la mahali ndilo neno la kwanza

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wa bara ya Mombasa wanapojikwaa. Ati Kisauni haiuzi, kwa hivyo wanaandika Nyali. Ati Likoni haiuzi, kwa hivyo wanaandika Diani. Diani iko kaunti ya Kwale, zaidi ya kilomita 20 kutoka feri ya Likoni. Mgeni aliyetaka Diani hatafurahia Timbwani, hata kama Timbwani ni pazuri. Na yule aliyetaka kulala karibu na feri hatakuona kabisa, manake wewe umejificha Diani.

Tuzichukue sehemu zetu tatu.

*Kisauni.* Jina Kisauni lina zaidi ya watu wanavyofikiri. Eneo bunge la Nyali lilikatwa kutoka Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2013, lakini wadi za Bamburi na Shanzu zilibaki Kisauni. Kwa hivyo kama nyumba yako iko Bamburi au Shanzu, una majina ambayo mgeni tayari anayajua na huna haja ya kuazima la Nyali. Taja alama anazozijua: ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanauita Pirates, Haller Park, ile mbuga iliyooteshwa kwenye machimbo ya zamani ya simiti, au barabara ya Malindi. Kama uko Kiembeni, sema Kiembeni. Si ufuoni, lakini ni makazi ya familia, na familia inayokuja na gari lake inatafuta pakingi na utulivu kuliko mchanga. Na kwa mitaa inayoandikwa kwa namna mbili, kama Mshomoroni na Mishomoroni, tumia moja kwenye kichwa na nyingine ndani ya maelezo. Mgeni hajui ipi ndiyo sahihi.

*Likoni.* Neno lako kubwa ni Shelly Beach, kama kweli mgeni anaweza kufika kwa miguu. La pili ni feri. Kuna watu wengi wanaotaka kulala Likoni kwa sababu wana kazi kisiwani na bei ya kisiwani imewashinda, na kivuko kwa mwenda kwa miguu hakilipiwi. Waandikie hao: "dakika 8 kwa miguu hadi feri". La tatu ni barabara ya Dongo Kundu, ambayo sasa inaunganisha upande wa Miritini na barabara ya Likoni–Lunga Lunga bila kuvuka kwa feri. Mtu anayetoka Nairobi na gari akielekea pwani ya kusini anaitafuta sana habari hiyo. Mueleze kwa sentensi moja atakavyokufikia.

*Changamwe.* Wenye nyumba wa Changamwe hulalamika kuwa hawana bahari. Kumbe wana kitu kingine: wana wageni wanaofika na wanaoondoka. Uwanja wa ndege wa Kimataifa wa Moi uko hapo Port Reitz. Stesheni ya Madaraka Express, ambayo imekuwa ikileta abiria tangu 2017, iko Miritini, jirani tu katika eneo bunge la Jomvu. Na bandari ya Kilindini ina magati yake ya Kipevu upande huo huo. Kuna mtu mwenye ndege ya asubuhi, kuna mabaharia wanaongoja meli, kuna fundi aliyeletwa kwa kazi ya wiki mbili. Treni ya usiku kutoka Nairobi humfikisha mtu Miritini kabla hakujapambazuka, na saa kumi alfajiri hakuna anayetaka kuzunguka na sanduku. Ukiwa na uwezo wa kupokea mgeni saa hiyo, hilo ndilo neno lako: "kuingia saa yoyote, karibu na SGR na uwanja wa ndege". Hakuna nyumba ya Nyali itakayokushinda kwa hilo.

Baada ya mahali, sema kinachomsumbua mgeni

Maneno kama "nzuri", "ya kisasa", "ya kuvutia" na "kama nyumbani" hayatafutwi na mtu. Yanachukua nafasi tu. Mgeni anayekuja Mombasa ana maswali yanayojulikana: Maji yapo? Ni ya chumvi au ni maji tamu? Kuna AC au feni peke yake? Stima ikipotea kuna nini? Tokeni nanunua mimi au wewe? Gari linalala wapi? Ni ghorofa ya ngapi, na lifti ipo?

Majibu ya maswali hayo ndiyo maneno yako. "Tangi la lita 5,000", "AC chumba kimoja, feni sebuleni", "ghorofa ya 3, hakuna lifti", "pakingi ndani ya geti, mlinzi usiku". Tunajua inaogopesha kuandika kwamba hakuna lifti. Lakini mama aliyekuja na bibi yake wa miaka themanini atajua tu akifika, na akijua akiwa ameshalipa, simu utakayopokea si ya kukushukuru.

Linganisha vichwa hivi viwili vya tangazo:

- "Nyumba nzuri sana ya kifahari Mombasa, karibuni nyote"
- "Vyumba 2 Timbwani, dakika 10 kwa miguu hadi Shelly Beach, AC"

Cha kwanza kinaweza kuwa nyumba yoyote kutoka Mtongwe mpaka Shanzu. Cha pili kinajibu maswali manne kabla mgeni hajabonyeza. Angalia pia kwamba kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, kwa hivyo idadi ya vyumba na jina la mtaa viwe mwanzo, mapambo mwisho.

Sasa picha

Google inasoma maneno yanayoizunguka picha ili kujua ni ya nini: jina la faili, maelezo ya chini yake, maelezo mbadala ambayo hutumika pia kwa watu wasioona, na maandishi ya ukurasa ilipo. Simu yako huipa picha jina kama IMG_2034.jpg. Jina hilo halimwambii mtu kitu. Kabla ya kuipandisha kwenye tovuti yako, ibadilishe iwe chumba-cha-kulala-ac-kiembeni.jpg, na utenganishe maneno kwa kistari.

Maelezo mbadala yawe sentensi ya kawaida, kama vile ungemweleza mtu kwa simu: "Kitanda cha futi 5 kwa 6 chenye chandarua, dirisha linaangalia mwembe, Kiembeni, Mombasa." Usirundike maneno: "nyumba Mombasa, nyumba Kisauni, nyumba Bamburi, nyumba bahari, nyumba rahisi". Ule wakati wa kuficha orodha ya maneno ndani ya ukurasa ulishapita. Mwezi Septemba 2009 Google yenyewe ilitangaza kwamba kile kisehemu cha siri cha maneno ya utafutaji hakiangaliwi katika kupanga matokeo. Fundi wa tovuti akikutoza pesa kwa kazi hiyo, muulize anakuuzia nini.

Kwenye tovuti kama Airbnb hutaweza kuchezea jina la faili, lakini unaweza kuandika maelezo chini ya kila picha. Wengi huacha wazi. Jaza. Kama ni picha ya ufuo, sema ni ufuo gani na ni mbali kiasi gani na mlango wako. Picha ya bahari isiyo na maelezo, ikiwekwa ya kwanza, inasema "bahari ni yangu". Huo ni uongo usioandikwa, na mgeni atauhesabu kama uongo.

Jambo lingine la hapa kwetu: maji. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ufuo uliopigwa picha maji yamejaa si ule ambao mgeni ataukuta maji yamekupwa na mawe na mwani viko nje. Weka picha mbili, na uandike "maji kujaa" na "maji kupwa". Wapo wageni wanaopenda kutembea mwambani maji yakitoka, na watakuja kwa ajili ya hiyo ya pili. Jedwali la maji la Bandari ya Kilindini litakusaidia kupanga saa ya kupiga picha.

Na kama wewe ni mpiga picha unayeuza picha zenyewe kwenye tovuti za kimataifa, kanuni ni ile ile. Adobe Stock inaruhusu maneno hadi 49 kwa picha moja, Shutterstock hadi 50, lakini hakuna anayekulazimisha kuyamaliza. Kwenye Adobe Stock maneno 10 ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa hivyo yapange. Picha ya feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi ianze na feri, abiria, Likoni, Mombasa, Kenya, kuvuka, asubuhi. Usianze na "Afrika" na "machweo". Kwanza hilo ni jua la kuchomoza, na mhariri anayetafuta machweo akipata picha yako hatainunua.

Maneno ya kuogopa

*Ufuoni* au *beachfront*: litumie tu kama hakuna barabara wala nyumba nyingine kati yako na mchanga. Vinginevyo andika dakika, na useme ni za miguu au za tuktuk.

*Mandhari ya bahari*: kama inaonekana kwa kusimama juu ya kiti cha jikoni, haionekani.

*Nyota tano*: nyota si sifa ya kujipa. Kenya, upangaji wa nyota hufanywa na Tourism Regulatory Authority, mamlaka iliyowekwa na Sheria ya Utalii ya 2011, ambayo ndiyo pia inayotoa leseni kwa malazi ya wageni. Ukiwa na leseni, hilo lenyewe ni neno zuri la kuweka kwenye tangazo.

*Salama kabisa*: eleza kilichopo. Geti, mlinzi, taa za nje, kamera za nje. Mgeni ataamua mwenyewe kama ni salama.

Na kabla ya kuweka picha za wageni wako wakicheka kando ya bwawa, waombe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si mchezo: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa KSh 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Maneno yako na namba yako ya malipo viseme kitu kimoja

Hapa ndipo penye shughuli yetu. Anapolipa, mgeni huona jina la anayelipwa. Kama tangazo linasema "Mwembeni Homes Kiembeni" na jina linalotokea kwenye simu ni la duka la simiti, mkono unasita. Na ana haki ya kusita. Matapeli huiba picha za nyumba za watu, huzipa jina lingine, halafu hukusanya amana za nyumba wasiyokuwa nayo ufunguo.

Kwa hivyo fanya haya:

1. Chagua jina moja la nyumba na ulitumie kila mahali: kichwa cha tangazo, maelezo ya picha, ramani ya Google na namba ya till au paybill. Kama jina la till ni lako binafsi, liseme wazi kwenye ujumbe wa kwanza: "Utaona jina langu, ndiyo hiyo."

2. Tafuta picha zako mwenyewe kwa Google Lens mara moja kwa mwezi. Ukizikuta chini ya jina lingine, ripoti kwa tovuti husika. Mgeni mwerevu pia hufanya hivyo kabla ya kulipa, na akikuta picha moja ina majina mawili hataki kujua nani mwenyewe.

3. Kama unatumia paybill, mpe mgeni neno fupi la kuandika kwenye sehemu ya akaunti, kwa mfano TIMBWANI2 kwa nyumba ya vyumba viwili. Siku ukiwa na wageni watatu, utajua nani amelipia wapi bila kugombana na mtunza nyumba.

4. Andika masharti ya kurudisha amana ndani ya tangazo kabla ya kupokea shilingi, na umtumie mgeni tena kwa ujumbe. Likitokea tatizo, maneno ya tangazo na ujumbe wa malipo ndiyo ushahidi wa pande zote mbili.

5. Mgeni akikupata kupitia tovuti inayokusanya malipo yenyewe kama Airbnb, usimvute alipe nje. Ni kinyume cha masharti yao, akaunti yako inaweza kufungwa, na mgeni anapoteza ulinzi wake.

Kazi ya leo jioni

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mtandaoni hata chema hakijiuzi mpaka kitajwe kwa jina lake. Huhitaji kulipa mtu kwa hili. Chukua simu, fungua tangazo lako, na ufute kila neno ambalo jirani yako angeweza kuliweka kwenye tangazo lake bila kubadilisha kitu. Yatakayobaki ndiyo ya nyumba yako. Ongeza jina la mtaa, dakika hadi mahali panapojulikana, maji, stima, ngazi na pakingi. Halafu nenda steji, msomee kijana wa boda kichwa cha tangazo tu, umuulize angempeleka mgeni wapi. Akikuelekeza nyumbani kwako au karibu, tangazo liko tayari. Akikuuliza "Mombasa gani hiyo?", rudi ukaliandike upya.